Kulinganisha Faili Si Kuzihifadhi

Tarehe 28 Februari 2017, fundi mmoja wa Amazon nchini Marekani alikuwa akichunguza kwa nini mfumo wa malipo wa S3, hifadhi ya wingu ya kampuni hiyo, unakwenda polepole. Akaandika amri ya kuondoa seva chache. Sehemu moja ya amri hiyo ilikosewa, na seva zilizoondoka zikawa nyingi kuliko alivyokusudia. Kwa takriban saa nne, tovuti na programu nyingi zilizotegemea kituo cha S3 cha Virginia Kaskazini zilikwama. Baadaye Amazon ilieleza kwamba imebadilisha kifaa chenyewe cha kuondolea seva: tangu hapo kinaondoa seva taratibu, na kinakataa kuzipunguza chini ya kiwango cha usalama.

Hatua hiyo ya Amazon inamhusu yeyote anayetunza faili zake winguni kwa kuandika amri. Wanaoacha kubofya kwenye kivinjari huahidiwa kasi. Kasi ipo kweli, lakini mimi naiona faida ndogo. Kubwa zaidi ni kwamba amri ni maandishi: unaweza kuisoma kabla haijatenda, kuijaribu, kuiwekea mipaka, na kesho kumwonyesha mwenzako ulichofanya. Ukiburuta folda kwa kipanya, hakuna kinachobaki cha kusomwa.

Programu ninayoizungumzia ni rclone, iliyoanzishwa na Nick Craig-Wood wa Uingereza. Ni ya bure, msimbo wake uko wazi, na inazungumza na huduma nyingi, zikiwamo Google Drive, Dropbox, OneDrive na S3. Wazo lake lilitokana na rsync, programu ya mwaka 1996 ya Andrew Tridgell na Paul Mackerras wa Australia. Undugu huo huwapotosha wengi. Umahiri wa rsync ni kupeleka vipande vilivyobadilika tu ndani ya faili, na ili kufanya hivyo inahitaji nakala yake iwe inafanya kazi pia upande wa pili, isome faili iliyopo huko na kuhesabu vipande. Wingu halikupi nafasi hiyo. Huwezi kuendesha programu yako ndani ya hifadhi ya Google Drive au Dropbox. Unaomba tu uwekewe faili hii, upewe ile, au ifutwe nyingine. Kwa hiyo rclone, ikikuta faili imebadilika hata herufi moja, huipeleka nzima. Mwenye hifadhidata ya GB 5 inayoguswa kila siku atapakia GB 5 kila siku, na ni vema ajue hivyo kabla bando halijakata.

Folda nazo si kila mahali ni folda. Ndani ya S3 kuna vitu vyenye majina marefu, na mkwaju (/) unaouona kati ya maneno ni sehemu ya jina, basi. Kubadilisha jina la «folda» yenye faili 10,000 maana yake ni kunakili vitu 10,000 kwa majina mapya, kisha kufuta 10,000 vya zamani. Google Drive ina tabia tofauti: inaitambua faili kwa namba yake ya ndani, hivyo faili mbili zenye jina moja zinaweza kukaa pamoja katika folda moja. Kompyuta yako haikubali hali hiyo, na rclone ina amri maalumu, dedupe, ya kusafisha pacha hao.

Sasa tufike kwenye kiini. Tuchukue kituo kidogo cha redio chenye rekodi za vipindi kwenye diski ya nje, ambayo kompyuta ya Linux imeiunganisha katika /mnt/vipindi. Kila usiku rekodi hizo zinapelekwa winguni. Kuna namna mbili za kuandika, na «wingu» hapa ni jina tuliloipa akaunti ya hifadhi ndani ya rclone:

rclone copy /mnt/vipindi wingu:vipindi

rclone sync /mnt/vipindi wingu:vipindi

Neno moja tu linatofautiana. Amri ya copy huongeza faili ambazo wingu halina na kubadilisha zilizobadilika, lakini haifuti chochote kule. Amri ya sync hulifanya wingu liwe sawasawa na diski, pamoja na kufuta kila ambacho diski haina. Wengi hupenda sync kwa sababu inaacha wingu likiwa safi, halafu hujiambia kwamba sasa wana chelezo, yaani nakala ya akiba. Hawana. Mtangazaji akifuta rekodi kwa bahati mbaya mchana, usiku ule ule wingu nalo litaifuta, kwa utiifu kamili.

Lipo baya zaidi. Tuseme kebo ya diski imelegea na diski haikuunganishwa. Njia ya /mnt/vipindi bado ipo kwenye kompyuta, ila ni folda tupu. rclone ina kinga yake: kosa lolote likitokea wakati wa kazi, haifuti chochote upande wa mwisho. Lakini folda tupu si kosa. Inasomeka vizuri kabisa, haina kitu, na sync italifanya wingu nalo lisiwe na kitu. Rekodi za miaka zinaweza kuondoka wakati watu wamelala.

Dawa ya kwanza ni kuongeza --dry-run mwishoni mwa amri. Hapo rclone inataja kila ambacho ingenakili na kila ambacho ingefuta, bila kugusa kitu. Usome orodha hiyo mstari kwa mstari kila unapobadilisha amri, hata herufi moja. Dawa ya pili inafanana na ile ya Amazon: --max-delete 20 huiamuru programu isifute zaidi ya faili 20, na isimame ikitaka kuvuka hapo. Kwa redio yetu, ambako kufuta ni jambo la nadra, hata 20 ni nyingi. Dawa ya tatu ndiyo ninayoipenda kuliko zote. Kwa --backup-dir, faili ambayo ingefutwa au kufunikwa na toleo jipya huhamishiwa folda nyingine katika wingu lile lile, mradi folda hiyo isiwe ndani ya ile inayolinganishwa. Iandikwe kwa tarehe ya siku, ili matoleo ya jana yasifunikwe na ya leo. Kumbuka kwamba hata copy hufunika: faili iliyoharibika kwenye diski inaweza kuchukua nafasi ya ile nzima iliyokuwa winguni.

Usitegemee kapu la taka la huduma yenyewe. Google Drive hutunza kilichofutwa kwa siku 30. S3, kama hukuwasha utunzaji wa matoleo, haina kapu lolote.

Baada ya kupeleka kuna kuhakiki. Kwa kawaida rclone huamua kama faili mbili ni sawa kwa kuangalia ukubwa na saa ya mwisho ya kubadilishwa. Hiyo inatosha kwa kazi za kila siku, ila haijasoma kilichomo. Ukitaka uhakika, amri ya check hulinganisha ukubwa pamoja na namba inayokokotolewa kutokana na maudhui ya faili, ambayo hubadilika hata ukigusa herufi moja. Shida ni kwamba huduma hazikubaliani juu ya hesabu hiyo. Google Drive hutoa MD5, ilhali Dropbox ina yake: hukata faili vipande vya MB 4, hukokotoa SHA-256 ya kila kipande, huunganisha matokeo na kuyakokotoa tena. Ukilinganisha wingu moja na jingine na hakuna hesabu inayotumiwa na yote mawili, njia ya uhakika ni kuongeza --download, ambapo faili zote hushushwa na kusomwa. Ni ghali kwa bando, lakini kabla ya kufunga akaunti ya zamani ningelipa gharama hiyo.

Kuhusu mtandao, sisi wa Afrika Mashariki tuna somo letu. Tarehe 12 Mei 2024 nyaya za baharini za EASSy na Seacom zilikatika, na intaneti ikayumba Tanzania, Kenya na kwa majirani. rclone hujaribu tena inaposhindwa, na ukiianzisha upya huruka faili zilizokwisha fika. Faili iliyokatikia njiani, hata hivyo, itaanza mwanzo ukiianzisha upya programu. Rekodi kumi za GB 2 ni salama zaidi kwa safari kuliko moja ya GB 20. Angalia pia vipimo: kampuni za simu hutangaza kasi kwa biti, lakini --bwlimit, inayopunguza kasi ili ofisi iendelee kufanya kazi, huhesabu kwa baiti. Laini ya megabiti 10 kwa sekunde ni megabaiti 1.25, kwa hiyo GB 100 zitahitaji zaidi ya saa 22 hata mambo yakienda vizuri.

Kama rekodi zina siri, crypt ya rclone huzifunga kabla hazijatoka kwenye kompyuta, pamoja na majina yake. Ukipoteza neno la siri, hakuna wa kukufungulia, si mtoa huduma wala mwandishi wa programu. Na faili ya mipangilio, rclone.conf, ina vibali vya kuingia kwenye akaunti zako. Maneno ya siri ndani yake yamefichwa kidogo tu na yanaweza kufichuliwa, kwa hiyo iwekee neno la siri lake lenyewe.

Halafu ujaribu kurejesha, kwenye kompyuta nyingine isiyo na mipangilio yako, kwa neno la siri lililoandikwa kwenye karatasi mliyoifungia kabatini. Amri ni ile ile ya copy, mwanzo na mwisho vikibadilishana nafasi. S3 hutoza kwa kila GB inayoshushwa ukipita kiwango cha bure, hivyo kwa jaribio la kwanza folda ya mwezi mmoja inatosha.