Asiyetarajia Ahera Hujiliwaza kwa Nini?

Wakazi wa pwani ya kusini hawana haja ya kuelezwa kwamba mauti hayaweki miadi. Tarehe 29 Aprili 1994, feri iliyokuwa ikivusha watu kati ya Mtongwe na kisiwa cha Mombasa ilipinduka karibu na gati, na watu 272 wakapoteza maisha. Hao walikuwa watu waliotoka majumbani mwao kwenda kutafuta riziki. Katika matanga ya siku zile, kama katika matanga yote ya Waislamu wa upande huu, wafiwa walishika neno moja: sisi ni wa Mwenyezi Mungu na kwake ndiko marejeo.

Neno hilo ni nguzo. Mtu huliegemea, akalia, kisha akasimama tena. Lakini yuko binadamu mwingine ambaye hana nguzo hiyo. Yeye huamini kwamba kaburi ndilo mwisho wa safari, hakuna kuulizwa wala kufufuliwa. Mtu huyu naye atakufa, naye huamka usiku wa manane akaisikia hofu ile ile. Je, hujiliwaza kwa nini?

Msomaji asidhani kwamba tunazungumzia watu wa nchi za mbali. Katika hesabu ya watu iliyofanywa Kenya mwaka 2019, watu zaidi ya 750,000 kati ya milioni 47 na ushei walihesabiwa kuwa hawana dini. Hapana shaka si wote wanaokanusha ahera, maana mtu aweza kuwa hana dini na bado akaamini kwamba roho haifi. Hata hivyo wanaokanusha wapo, na mwezi wa Februari 2016 chama cha wasioamini Mungu kilisajiliwa nchini kwa mara ya kwanza. Baadhi yao ni watoto wa majirani zetu.

WATU WA DAHARI

Wala jambo lenyewe si jipya. Suratul Jaathiya inawataja watu waliodai kwamba hakuna uhai isipokuwa huu wa duniani, na kwamba kinachowaangamiza ni dahari tu, yaani mpito wa zama. Wanachuoni wa baadaye waliwapa jina la Dahriyya wale walioshika fikira za namna hiyo, wakaandika vitabu kuwajibu. Neno lenyewe limebaki katika Kiswahili chetu. Tunaposema "dahari na dahari" tunautaja wakati ule ule ambao wao walidai kuwa ndio muuaji pekee.

Mzee wa Kidigo wa zamani, kabla Uislamu haujaenea vijijini, hakuwa mtu wa dahari. Yeye aliamini koma. Ila ahera yake haikuwa mbali, wala haikuwa na pepo na moto. Wafu walikaa papa hapa, karibu na kaya na mashamba yao. Koma aliweza kumjia mjukuu wake ndotoni akadai chakula au nguo, na mjukuu akatoa sadaka. Misitu ya kaya bado iko, Kinondo na Muhaka na Diani, na mwaka 2008 UNESCO iliziingiza kaya kadhaa za Mijikenda katika orodha ya urithi wa dunia, Kinondo ikiwa miongoni mwazo. Anayeingia Kinondo leo bado hufungwa kaniki nyeusi kiunoni kwa heshima ya waliolala mle.

Profesa John Mbiti, mwanachuoni wa Kikristo aliyezaliwa Kitui mwaka 1931, aliieleza imani ya aina hii katika kitabu alichokitoa mwaka 1969, na alitumia maneno mawili ya Kiswahili: sasa na zamani. Kwa maelezo yake, maiti ambaye bado wako watu wanaomkumbuka kwa jina bado yumo katika sasa. Anapokufa mtu wa mwisho aliyemjua, ndipo marehemu anapozama katika zamani, akawa hana jina tena. Kwa hiyo hofu kubwa ya mzee yule ilikuwa kusahauliwa. Kufa bila mtoto kulikuwa kama kufa mara mbili.

Hapa yako mafunzo kwa mtu asiyetarajia ahera. Yeye hamwamini koma, lakini aweza kuikubali nusu ya hesabu ile, kwamba mtu hubaki kwa kadiri anavyobaki katika mikono na ndimi za wengine.

DAWA YA AR-RAZI

Aliyelikabili swali letu waziwazi ni tabibu mmoja mashuhuri wa dola ya Kiislamu, Abu Bakr Muhammad bin Zakariya ar-Razi, aliyefariki mwaka 925 hivi. Alizaliwa Rayy, katika Iran ya leo, akasimamia hospitali mjini kwao na Baghdad, na uzeeni akapofuka. Wanachuoni wengi walimpinga vikali kwa maneno aliyonasibishwa nayo juu ya utume, lakini hakuna aliyekana utabibu wake. Pamoja na vitabu vya maradhi ya mwili aliandika kimoja kuhusu tiba ya nafsi, chenye milango 20, na mlango wa mwisho ni wa hofu ya mauti.

Ar-Razi anaanza kwa kukiri kwamba hofu hii haiondoki kabisa moyoni ila mtu aridhike kwamba baada ya kufa ataikuta hali bora kuliko hii. Kisha anamgeukia yule anayeona kwamba roho hufa pamoja na mwili, akampa dawa inayomfaa. Maumivu, asema, ni ya aliye hai. Maiti hana hisia, basi hana kinachomuuma. Wala hawezi kusikitikia raha alizozikosa, kwa kuwa hazitamani tena. Mgiriki Epicurus alikwisha kusema jambo la karibu na hilo zaidi ya miaka 1,000 kabla yake. Ar-Razi aongeza kwamba mtu anayekaa akiwaza kifo chake hufa kila mara anapokiwaza, hali mwenzake hufa mara moja tu. Na mwenye kutimiza wajibu wa sharia, asema, hana sababu ya kuogopa, maana ameahidiwa raha.

Je, dawa hii inaponya? Mtu mwenye watoto wadogo atajibu upesi: sijiogopei mimi, nawaogopea hawa. Jibu hilo ni la haki. Tukilichunguza tutaona kwamba tunaloliita hofu ya kifo ni hofu tatu zilizofungwa kitita kimoja. Iko hofu ya kutokuwapo, iko hofu ya maumivu ya kufa, na iko hofu ya kuwaacha wapenzi. Dawa ya ar-Razi inaitibu ile ya kwanza tu. Nyingine mbili zataka kazi ya mikono, na kazi hiyo ni moja kwa anayeamini na asiyeamini.

Maumivu ya kufa ni jambo la waganga. Kenya ilipata nyumba yake ya kwanza ya kuwatunza wagonjwa wasiotarajiwa kupona, Nairobi Hospice, mwaka 1990, na tangu hapo huduma hiyo imefika sehemu nyingine, Mombasa ikiwemo. Mgonjwa wa saratani aliyepewa mofini ipasavyo aweza kuzungumza na wanawe siku zake za mwisho badala ya kupiga mayowe. Hospitali ikiwa nayo, mzee wa Msambweni au wa Lungalunga huenda akaogopa kidogo kuliko anavyoogopa asipoipata.

Kuwaacha wapenzi kwatibiwa kwa wasia, kwa kulipa deni na kwa hati ya shamba. Kila mtu wa Diani na Ukunda anajua jinsi ardhi ilivyopanda bei tangu hoteli zilipojipanga ufukweni, na jinsi ndugu wa tumbo moja wanavyofikishana mahakamani baba akifa bila kuweka mambo yake sawa. Uislamu umehimiza wasia tangu hapo. Asiyetarajia ahera ana sababu nyingine ya kuharakisha, kwamba kwa itikadi yake hana pengine pa kuomba radhi.

HOFU INAPOTAFUTA MTU WA KULAUMU

Hofu ya mauti isipotibiwa hudhuru wengine. Katika kaunti za Kwale na Kilifi wazee, wake kwa waume, wameuawa kwa kutuhumiwa uchawi. Mtoto amefariki ghafla, kijana ameanguka njiani, na badala ya kuuliza ni maradhi gani, watu huuliza nani kamroga. Mvi zimekuwa hatari kwa mwenyewe. Hapa Mwislamu anayesema kifo ni kadari na mtu wa dahari anayesema kifo ni maumbile wanakutana, ijapokuwa wametoka njia mbili. Wote wawili wana jibu linalomlinda bibi kizee dhidi ya panga.

Lakini tusimpambe mtu wa dahari kupita kiasi. Hatari yake ilionyeshwa katika fasihi yetu na Euphrase Kezilahabi, mzaliwa wa Ukerewe aliyefariki Januari 2020. Katika riwaya yake Kichwamaji ya mwaka 1974, Kazimoto, kijana wa chuo kikuu, hupoteza imani, akaona maisha hayana maana, na mwisho akajiua. Kazimoto alikuwa na hoja nyingi, ila kamba zilizomfunga kwa watu zilikuwa zimekatika moja baada ya moja. Hoja ya kwamba maiti haumwi haimpi mtu sababu ya kuishi. Sababu hiyo hutoka kwa watu wanaomhitaji.

Imamu Ghazali, aliyefariki mwaka 1111, alikifunga kitabu chake kikubwa cha Ihyaa kwa sehemu ya 40 inayohusu kukumbuka mauti. Kwake kukumbuka kifo ni kuamsha moyo uliolala, mtu aitengeneze leo yake kwa ajili ya kesho ya Kiyama. Asiyetarajia kesho hiyo hawezi kuchukua dawa nzima ya Ghazali. Hata hivyo leo anayo, na ndiyo yote aliyo nayo.

Tazama mnazi wa kienyeji. Huchukua miaka 6 au zaidi kabla ya kuzaa, kisha huishi miaka 60 na zaidi. Minazi mingi inayoangusha nazi kutoka Tiwi mpaka Vanga ilipandwa na wazee ambao sasa wako chini ya udongo ule ule. Mmoja alipanda akitarajia thawabu kwa kila atakayekula. Mwingine alipanda ili koma wake asisahauliwe. Na leo huenda yuko wa tatu anayepanda bila kutarajia lolote kwake mwenyewe, ila tu wajukuu wapate tui la mchuzi wao. Huyo wa tatu akifa, wenye imani watambebea jeneza pia, maana wahenga walisema kifo cha wengi harusi, na mfiwa haulizwi kwanza marehemu aliamini nini.