Mchicha wa Aprili

Wanafunzi, leo jioni waulizeni wazazi waliosoma Kenya: "Mlikuwa 4K?" Baadhi watacheka, kisha wataanza kusimulia habari za sukumawiki, sungura na madumu ya maji.

4K ni vilabu vya kilimo vya shule vilivyoanza Kenya mwaka 1962. Jina linatokana na maneno Kuungana, Kufanya, Kusaidia Kenya, na mfano wake ulitoka kwenye vilabu vya 4-H vya Marekani. Vilififia kwa miaka mingi, serikali ikavizindua upya mwaka 2021. Tanzania nayo, baada ya Elimu ya Kujitegemea ya mwaka 1967, kila shule ilitakiwa kuwa na shamba.

Hapo wazazi wengine watakunja uso. Shamba la shule mara nyingi lilikuwa adhabu, na mtoto anayelimishwa kwa sababu amechelewa hujifunza kulichukia jembe tu. Kilabu kizuri kilikuwa na kitu cha ziada: bwana shamba au bibi shamba, yaani afisa ugani, aliyeujua udongo na mvua za mahali pale.

Sisi tulimkosa mtu huyo. Mwaka jana tulipanda mchicha kwenye bustani yetu mwezi wa nne, kama nyumbani wakati wa masika. Uliota, ukafika urefu wa kidole, ukadumaa. Mwezi wa sita sakitu, ule umande unaoganda alfajiri, ikaumaliza. Watoto walidhani mbegu ni mbovu. Mbegu ilikuwa nzima. Kalenda ndiyo ilikuwa ya Morogoro. Johannesburg iko mita 1,700 hivi juu ya usawa wa bahari, na mvua zake huanza kama mwezi wa kumi hadi wa tatu. Masika yanapomwagika Dar es Salaam, huku msimu unafungwa.

Na kumbe majirani wanaujua mchicha vizuri! Ni mojawapo ya majani wanayoyaita morogo, na mvua za kiangazi zikinyesha hujiotea hata kando ya uzio.

Basi mwaka huu tunaanza kwa kuuliza. Idara ya kilimo ya jimbo la Gauteng ina maafisa ugani, na kila mwanafunzi aandike swali moja la kumuuliza afisa. Mwezi wa tisa tutalima matuta na kuchanganya mboji. Mwezi wa kumi, udongo ukishapata joto, tutachanganya mbegu na mchanga mkavu (ni ndogo mno, zikimwagwa peke yake hurundikana), tuzisie kwenye mistari na kuzifunika kwa udongo mwembamba. Baada ya wiki nne hadi sita tutakata majani na kuacha shina lichipue tena.

Tuta moja tutaliwekea sukumawiki kwa ajili ya majira ya baridi. Hiyo haiogopi sakitu, na wapishi wanasema baridi huiongezea utamu.

Wazazi mliokuwa 4K, njooni Jumamosi na majembe. Wanaochelewa hawatalimishwa.