Kijiwe Kama Choroko Kilinilaza Kiwanjani

WAHENGA walisema kikulacho ki nguoni mwako. Mimi ni fundi wa nguo, na methali hii nimeirudia mbele ya wateja miaka nenda miaka rudi bila ya kuitia maanani. Sikujua kwamba iko siku kinilacho kitakuwa ndani zaidi kuliko nguo.

Kiwanjani ni mtaa wa mji wa Isiolo, na jina lake limetokana na kiwanja cha ndege kilicho jirani. Mtu wa pwani akifika huku kwanza hulalamikia vumbi, kisha upepo, mwisho huzoea. Kabla hujafika sokoni utakuwa umesikia Kiborana, Kisomali, Kimeru, Kiturkana na Kisamburu, na Kiswahili ndicho kinachowakutanisha wote. Baadhi ya Wasomali wa hapa ni wajukuu wa askari waliowapigania Waingereza katika Vita Vikuu vya Kwanza, kisha wakapewa makao Isiolo. Kwa hivyo Mwislamu aliyetoka Mombasa au Lamu hajioni mgeni. Adhana ataisikia, na majirani wa kumzika atawapata. Kitakachomsumbua ni maji.

Mifereji hutoka leo ikakauka kesho. Wengi wetu hununua maji kwa mitungi ya lita 20 inayoletwa na mikokoteni ya punda, na ya visima vingine yana chumvi mdomoni. Mimi ndiye niliyekuwa mwenye hesabu nyumbani: mtungi huu wa kupikia, huu wa watoto, huu wa kufua, na kibuyu cha udhu kisiguswe. Yangu ya kunywa sikuyahesabu. Asubuhi nilikunywa kikombe cha chai, saa nne kingine, alasiri kingine. Kutwa nzima nilikuwa nimeinamia cherehani chini ya bati linalowaka. Tena, nisiwafiche, choo kilikuwa mbali na duka. Kutokunywa maji niliona ni werevu: sifuji maji, wala siachi kazi.

Basi ilikuwa mwezi wa Machi 2019, tumo katika Rajabu ya mwaka 1440. Kazi ilikuwa imenijaa, maana watu huharakisha kuoa kabla Ramadhani haijaingia. Alfajiri moja, nimetoka kuswali, nikahisi kitu kimenichoma kiunoni upande wa kushoto, chini ya mbavu. Kabla sijatanabahi, maumivu yakateremka mpaka kinenani. Nilikaa, sikuweza. Nilisimama, sikuweza. Nikalala chini sakafuni, nikajiviringisha kama mtoto, na bado sikupata upande ulio na nafuu. Nikatapika. Nilipokwenda haja ndogo, mkojo ulikuwa na rangi ya chai kavu.

Majirani wakaingia, kila mmoja na tiba yake. Mmoja alisema ni ngiri. Wa pili alisema ni jicho la hasidi, kwa kuwa kazi yangu ilikuwa imeshamiri. Mzee wa Kiborana wa nyumba ya pili aliniletea maziwa ya ngamia akakaa kando yangu asiseme neno. Mke wangu hakutaja ugonjwa wowote. Aliniuliza tu, "Baba watoto, mara ya mwisho kunywa maji matupu ilikuwa lini?"

Nilimkasirikia. Nilimwambia huu si wakati wa maswali. Ukweli ni kwamba sikuwa na jibu.

Maumivu yalitulia, nami nikajidai nimepona. Duka moja la dawa likaniuzia vidonge vya minyoo, nikavimeza, nikarudi kwenye cherehani. Siku mbili nilishona huku nikiuma meno. Usiku wa tatu ulipofika nikalia mbele ya wanangu, jambo ambalo hawajapata kuliona. Mke wangu akatoka gizani kutafuta gari.

Hospitalini nilichomwa sindano ya kutuliza maumivu, mkojo ukapimwa, nikapigwa picha. Daktari akaniambia, "Mzee, una kijiwe. Kimetoka kwenye figo, nacho kimo njiani katika mrija wa kuelekea kibofu." Ukubwa wake, alisema, ni kama milimita 5. Nikamwomba anionyeshe kwa kidole milimita 5 ni kiasi gani. Ilikuwa choroko! Mwanamume mzima, mwenye ndevu zenye mvi, nimeangushwa na choroko.

Msomaji wa pwani ataelewa upesi jinsi kijiwe kinavyozaliwa, kwa sababu ni kama mashamba ya chumvi ya Gongoni. Maji ya bahari hufungiwa mabwawani, jua likayapunguza, na chumvi iliyokuwa haionekani ikaanza kuganda. Figo nazo huchuja damu na kutoa takataka na chumvi za aina mbalimbali kwa mkojo. Mtu akitoka jasho jingi na kunywa maji machache, mkojo huwa mzito, zile chumvi zikashikana, chembe kwa chembe. Haba na haba hujaza kibaba. Kijiwe kikikaa figoni huenda mtu asijue. Kikiingia katika ule mrija mwembamba, hapo ndipo kilio.

Maradhi haya si mageni. Abubakar al-Razi, tabibu mkubwa aliyezaliwa Uajemi na kufariki yapata mwaka 925, alitunga kitabu kizima juu ya mawe ya figo na kibofu. Al-Zahrawi wa Andalusia, aliyefariki mwaka 1013, alieleza katika kitabu chake cha Al-Tasrif namna ya kupasua na kutoa jiwe la kibofu, akachora na vyombo vya kufanyia kazi hiyo. Na mwaka 1980, mjini Munich, Ujerumani, madaktari walimtibu mgonjwa wa kwanza kwa mashine inayovunja jiwe kwa mawimbi kutoka nje ya mwili, bila ya kisu.

Changu hakikuhitaji kisu wala mashine. Vijiwe vidogo kama hicho mara nyingi hutoka vyenyewe. Nilipewa dawa za maumivu, nikaamriwa kunywa maji kwa wingi, na kuchuja mkojo kwa kitambaa ili kijiwe kikitoka kikapimwe. Kwa kitambaa sikupungukiwa. Nilikata kipande cha melimeli dukani kwangu. Daktari alinionya pia kwamba nikipata homa na baridi, au mkojo ukizuilika, nisingoje kuche. Hiyo ni hatari ya figo kuharibika na ya roho yenyewe.

Nyumbani walikuwa wameshaniharamishia maziwa, eti jiwe limetokana nayo. Daktari alikataa. Alisema maziwa ya kiasi pamoja na chakula hayana kosa, bali husaidia kuizuia tumboni ile asidi inayoshikana na chokaa ikawa jiwe. La kupunguza ni chumvi ya mezani na wingi wa nyama, na la kuongeza ni maji na ndimu au limau. Nilitamani madafu, lakini Isiolo mnazi utauona wapi?

Jioni ile mke wangu alifanya hesabu yake. Nikinywa lita tatu kwa siku, mtungi mmoja utanitosha karibu wiki nzima. Akaweka bei ya mtungi upande mmoja na gharama za usiku mmoja wa hospitali upande wa pili. Sikuwa na la kusema. Maji niliyojinyima mwaka mzima hayakufikia nusu ya fedha zile.

Siku ya kumi na moja kijiwe kilitoka. Kilikuwa cha hudhurungi, kina makali kama chembe ya matumbawe. Nilisujudu.

Ramadhani iliingia mwezi wa Mei. Daktari aliniruhusu kufunga kwa sharti ninywe maji kidogo kidogo toka magharibi mpaka alfajiri, na nikiona dalili nifungue. Siku ya tisa ule mchomo ukarudi. Nilitaka kuvumilia. Niliona haya fundi mzima kuonekana na kikombe mchana. Mke wangu hakubishana nami. Alimtuma mtoto kwa ustadhi wa mtaa, naye akaja akakaa kitandani pangu. "Aliyekuamrisha funga," akasema, "ndiye aliyempa mgonjwa ruhusa. Kunywa, siku utailipa." Nikanywa. Hospitali waliona ni mchanga tu uliokuwa ukishuka. Siku ile niliilipa katika Shawwal.

Sasa dukani nimeweka mtungi na kikombe pembeni mwa cherehani, na choo nakwenda hata kama mteja anangoja. Madereva wa njia ya Moyale hunijia na suruali zilizochanika, na wengine hulalamika kiuno. Mimi si daktari. Huwauliza lile swali la mke wangu, nikawapa maji, kisha nikawaelekeza hospitali. Mkojo ukiwa mweupe au wa manjano hafifu, maji yanatosha. Ukikoza rangi, mwili unadai. Na ukiwa na damu, usiende kununua vidonge vya minyoo. Mficha maradhi kifo humuumbua.

Kijiwe chenyewe kilikwisha pimwa, nikarudishiwa. Nimekitia ndani ya kibiriti, juu ya rafu ya nyuzi. Nikianza tena kubana maji, mke wangu hukitikisa kikalia.