Jiko la kuni likijaza moshi, chunguza bomba kabla ya kulaumu fundi

BARIDI ya Juni hadi Agosti inapoingia katika miji ya nyanda za juu kama Njombe, Limuru na Kabale, wenye nyumba za wageni na mikahawa hutafuta majiko ya kuni ya chuma. Kamukunji jijini Nairobi, Katwe jijini Kampala na Gakinjiro jijini Kigali ni miongoni mwa sehemu zinazojulikana kwa kazi za chuma, na kwa mfanyabiashara wa mpakani jiko ni mzigo unaoweza kumlipa.

Shida huanza jiko likishafika kwa mnunuzi. Nyumba nyingi za zamani katika miji hiyo zina dohani za matofali zilizojengwa kwa ajili ya moto wa wazi sebuleni. Mnunuzi humwita fundi wa karibu, ukuta unatobolewa, bomba linachomekwa na moto unawashwa. Baada ya siku chache muuzaji anapigiwa simu kwamba jiko ni bovu, linajaza moshi ndani. Mara nyingi jiko halina kosa. Kosa liko pale bomba linapokutana na matofali.

Kosa hilo linaweza kuua. Kuni zinapoungua bila hewa ya kutosha hutoa kaboni monoksidi, hewa yenye sumu isiyo na rangi wala harufu. Mtu aliyelala hawezi kuihisi. Shirika la Afya Duniani (WHO) linakadiria kuwa moshi na hewa chafu ya majumbani vilisababisha vifo milioni 3.2 duniani mwaka 2020. Mfanyabiashara anayelala gesti za mpakani naye yumo hatarini, iwe kwa jiko la kuni lenye bomba bovu au kwa jiko la mkaa lililoingizwa chumbani.

Bomba la kununua

Bomba liwe la bati jeusi la chuma, si la mabati yaliyopakwa zinki. Zinki ikipata moto mkali hutoa mvuke wenye madhara. Kwa bomba la inchi 6, bati la geji 24 linafaa. Muuzaji akumbuke kuwa namba ya geji ikipanda bati huwa jembamba zaidi, hivyo geji 30 itatoboka mapema.

Upana wa bomba ulingane na shingo ya jiko. Anayepunguza jiko la inchi 6 liingie kwenye bomba la inchi 4 ili kuokoa fedha huuzuia moshi kutoka, nao hurudi ndani.

Vipande vya bomba huwa na ncha moja iliyofinywa. Ncha hiyo hutazama chini, upande wa jiko. Wengi huigeuza wakidhani moshi utapita vizuri zaidi, lakini lami ya moshi ikipoa huteremka, na bomba likigeuzwa huvujia nje ya kiungo na kuchafua ukuta. Kila kiungo kifungwe kwa skurubu 3.

Pale ukutani

Tundu la ukutani liwekwe mkono wa chuma au wa udongo wa kuchoma, na bomba lipite ndani ya mkono huo. Ncha ya bomba iishie sawasawa na ukuta wa ndani wa dohani. Ikizidi kuingia huziba njia ya moshi, na ikiishia katikati ya tofali masizi hujikusanya humo na siku moja yanaweza kushika moto.

Nafasi kati ya bomba na mkono isizibwe kwa saruji ya kawaida. Chuma hutanuka kikipata moto, na saruji hiyo hupasuka. Inafaa kutumia kamba isiyoungua pamoja na saruji maalumu ya kustahimili moto. Bomba linaloelekea ukutani lipande kidogo, kama sentimita 2 kwa kila mita, na lisikaribie mbao au dari kwa chini ya sentimita 45.

Dohani yenyewe

Ukubwa wa dohani nao una maana. Bomba la sentimita 15 lina eneo la sentimita za mraba 177 hivi. Dohani ya sentimita 30 kwa 30 ina 900, zaidi ya mara 5. Kipimo kinachotumiwa na mafundi ni kisichozidi mara 3, kwa sababu moshi ukiingia kwenye nafasi kubwa hupoa, huishiwa nguvu na kurudi chini. Dawa yake ni kupitisha bomba ndani ya dohani hadi juu.

Kichwa cha dohani kipite paa kwa sentimita 90 au zaidi, na kiwe juu kwa sentimita 60 kuliko chochote kilicho ndani ya mita 3. Dohani isafishwe kabla ya kuunganishwa, maana ndege hujenga viota humo, na majiko mawili yasishirikiane njia moja ya moshi.

Faida kwa muuzaji

Muuzaji anayepeleka jiko, bomba jeusi, mkono wa ukutani na kamba isiyoungua kwa pamoja huuza zaidi na hurudishiwa mzigo mara chache. Bidhaa zilizotengenezwa ndani ya Jumuiya ya Afrika Mashariki, zikiwa kwenye orodha iliyokubaliwa na thamani yake haizidi dola 2,000 za Marekani, hupata mpakani cheti rahisi cha asili ya bidhaa. Ni busara kuuliza forodhani kama majiko na mabomba yamo kwenye orodha hiyo kabla ya kupakia.

Kabla ya kupokea malipo ya mwisho, karatasi iwashwe kwenye tundu la dohani. Moshi ukivutwa juu, kazi imekamilika. Ukirudi chumbani, jiko lisiwashwe na mtu asilale humo mpaka fundi arudi.