Una Trela ya Boti? Usiweke Tu Grisi Yoyote Kwa Beringi

Wasee wa Kilifi na Mtwapa, na nyinyi mnaovuta boti hadi Naivasha, kuna kitu mnaichukulia poa sana: grisi ya beringi za trela. Najua haina mvuto. Lakini beringi ikikwama uko Mtito Andei usiku wa manane, tairi inaweza kuchomoka, na tairi ikichomoka haichagui itagonga nani, kama ni wa boda ama ni mathe anauza mahindi kando ya barabara. Boti ya mwenyewe nayo imelala kwa lami.

Shida huanza hivi. Umevuta trela tangu Mariakani, habu zimepata moto, hewa ndani imepanuka. Unafika ufuoni, unarudisha trela kwa maji moja kwa moja ju mteja anakuharakisha. Habu inapoa ghafla, hewa inasinyaa, na habu inafyonza maji kupitia sili vile mtoto anavuta soda na mrija. Yakishaingia, hayatoki. Kutu inakula chuma pole pole hata kama trela imepakiwa nyuma ya nyumba miezi mitatu. Siku utaivuta tena ndio utaskia hiyo kelele ya kusaga.

Kwa hivyo unataka grisi inayovumilia moto na maji zote mbili, na hapo ndio wengi hukosea. Kuna ile ya kalsiamu ya kitambo, maji haiisumbui kabisa, lakini moto ikikaribia nyuzi 100 inaanza kuyeyuka. Kwa habu, hiyo ni noma.

Ukienda dukani, iwe Kirinyaga Road ama Mombasa, usiambie muuzaji "nipe ile blue." Rangi ni rangi tu, kila kampuni hupaka yake. Geuza mkebe usome nyuma. NLGI 2 ni uzito wake, karibu kama siagi ya karanga. GC-LB inamaanisha imepimwa kwa beringi za magurudumu na chesisi pia. Tangu 2021 kuna alama ingine, HPM, na ukiona imeandamana na WR ni ya kuhimili maji, CR ni ya kuzuia kutu ya maji ya chumvi. Ukipata mkebe uko na hizo zote, lipa utoke. Neno "Marine" peke yake lisikudanganye, ju zingine ni za shafti ya propela na usukani wa boti, si za habu inayozunguka kwa lami siku nzima.

Lithiamu kompleksi ama kalsiamu salfoneti? Kama boti yako ni ya maji baridi, Naivasha ama Kisumu, lithiamu kompleksi nzuri inatosha. Kama ni bahari, mimi ningeongeza doo nichukue kalsiamu salfoneti. Inashinda kwa kutu, na bei ya mkebe mmoja haifikii ya beringi mpya na siku nzima ya fundi.

Sasa usiende kupaka juu ya ile ya zamani. Grisi zingine zikichanganywa, mfano poliyurea na lithiamu, zinaweza kulegea ziwe uji zivuje zote. Osha beringi na mafuta taa, ikauke, kisha jaza kwa mkono hadi grisi itokee upande wa pili. Na mwambie huyo fundi aache kuzungusha beringi na hewa ya kompresa eti inalia poa. Inaweza kupasuka imrukie usoni. Weka sili mpya. Sili ikiwa imeraruka, hata grisi ya bei ghali ni pesa umetupa baharini.

Ukifika kwa maji, ngoja habu zipoe kwanza. Fungua kamba, piga story, nusu saa si mingi. Njiani nako, kila ukisimama gusa habu. Joto kiasi ni sawa. Ukishindwa kuacha mkono hapo, usiendelee.

Na ukitoa kofia upate grisi imekuwa rangi ya chai ya maziwa, maji yashaingia. Usiongeze ingine juu. Fungua yote, na habu ya upande ule mwingine pia, ju zote mbili ziliingia majini siku moja.