Mchango au Ada? Lugha ya Kubana Matumizi ya Umma Nchini Kenya

Katika utamaduni wa Waswahili, mtu huchangia harusi, matanga au karo ya mtoto wa jirani. Hutoa kwa kadiri ya uwezo wake, na mkata asiye na senti huleta kuni au maji, wala hafukuzwi. Neno hilo ndilo lililoazimwa serikali ya Kenya ilipopunguza matumizi ya umma katika miaka ya 1980 na 1990, kwa shinikizo la Benki ya Dunia na Shirika la Fedha la Kimataifa. Wananchi waliambiwa kwamba 'wanachangia gharama'.

Desemba 1989 ada zilianza kutozwa katika hospitali na vituo vya afya vya serikali. Watafiti waliochunguza kliniki ya magonjwa ya zinaa jijini Nairobi walibaini kuwa katika miezi ya ada, mahudhurio ya wanaume yalishuka hadi asilimia 40 ya yale ya awali, na ya wanawake hadi asilimia 65. Hapa ndipo penye kiini cha hoja yetu. Kisonono hakiponi kwa sababu mgonjwa hana fedha. Aliyerudi nyumbani bila dawa alirudi na ugonjwa kwa mwenzake, tena katika miaka ambayo UKIMWI ulikuwa ukienea, na magonjwa ya zinaa huurahisishia njia. Gharama haikupunguzwa, ilitoka katika daftari la Hazina ikaandikwa miilini mwa watu.

Ada za wagonjwa wasiolazwa zilisitishwa Septemba 1990, zikarejeshwa hatua kwa hatua kuanzia 1992. Katika zahanati na vituo vya afya ziliondolewa mwaka 2013 tu. Vyuo vikuu vya umma navyo viliingizwa katika 'kuchangia' mwaka 1991, na wanachuo wanaijua habari hiyo bila kusimuliwa.

Watetezi wa sera hiyo husema Hazina ilikuwa tupu. Nakisi ilikuwapo, hatukatai. Hata hivyo, kati ya 1991 na 1993, katika kashfa ya Goldenberg, Hazina iyo hiyo ililipa asilimia 35 juu ya thamani ya dhahabu na almasi zilizodaiwa kuuzwa ng'ambo, ilhali sehemu kubwa ya mauzo hayo haikuwapo. Malipo hayo hayakuitwa mchango. Yaliitwa fidia.