Raba ya Lami, Raba ya Mchanga

Klabu za jogging za Temeke hutoka alfajiri ya Jumapili, jua halijachomoza. Zinapita kwa makundi kuelekea upande wa Uwanja wa Benjamin Mkapa, fulana za rangi moja, mmoja akianzisha wimbo na wenzake wakiitikia. Kifuani wote wanafanana. Miguuni kila mtu na chake: raba za kukimbilia, raba za mpira wa kikapu zinazofunika vifundo, viatu vya turubai vyenye soli bapa, njumu ambazo meno yake yameshasagika. Baada ya miezi michache baadhi ya sura hazionekani tena. Ukiwatafuta nyumbani, mmoja analalamikia goti, mwingine ugoko, mwingine anasema nyayo zinamwaka moto kila asubuhi anapokanyaga sakafu.

Si kila maumivu yanatokana na kiatu. Wengi huumia kwa sababu wameongeza kilomita haraka mno. Hata hivyo, mguu wa mkimbiaji hupokea mzigo wa mara mbili hadi tatu ya uzito wa mwili kila unapotua, na kilomita moja ya mwendo wa jogging ina hatua kama elfu moja. Mtu wa kilo 70 anayekimbia kutoka Mbagala Rangi Tatu hadi Uhasibu na kurudi anaibebesha miguu yake kazi kubwa, na kilichopo kati ya mguu na barabara ni soli tu.

Dar es Salaam ina masika, kuanzia Machi hadi Mei, na ndicho kipindi ambacho suala la raba huibuka. Kilimanjaro Marathon, inayofanyika Moshi tangu mwaka 2003, huwa mwishoni mwa Februari au mwanzoni mwa Machi. Waliokwenda huko wanarudi na raba zilizochoka. Mvua zinaanza, mitaa inajaa maji, na mbele yao ziko mbio za kipupwe, zikiwemo za Benki ya CRDB zilizoanza mwaka 2020, ambazo hufanyika Agosti Oysterbay na kuchangia matibabu ya moyo ya watoto katika Taasisi ya Moyo ya Jakaya Kikwete. Kwa hiyo masika ndiyo wakati wa kutazama soli na kuamua.

Jambo la kwanza la kuamua ni njia. Mkazi wa Kinondoni anayezunguka Oysterbay hadi Daraja la Tanzanite, lililofunguliwa mwaka 2022, anakimbia juu ya lami na zege mwanzo hadi mwisho. Anahitaji sponji ya kutosha katikati ya soli, kwa sababu lami haibonyei hata kidogo, na chini anahitaji mpira mgumu wenye mifereji mifupi inayoshika sehemu zilizolowa. Meno marefu hapo ni hasara. Yanasagika haraka, na kila hatua unayahisi yakikusukuma nyayo.

Mkazi wa ndani ndani Mbagala, Chamazi au Toangoma ana kazi tofauti. Mradi wa kuboresha miundombinu ya Dar es Salaam, DMDP, umeweka lami katika barabara nyingi za mitaa ya Temeke, Ilala na Kinondoni, lakini bado wapo maelfu wanaotoka mlangoni na kukanyaga mchanga. Watafiti waliopima nguvu inayotumika walikuta kukimbia kwenye mchanga laini kunahitaji nguvu mara 1.6 ya kukimbia kwenye ardhi ngumu. Meno marefu hayasaidii sana hapo, kwa kuwa mchanga mkavu hauna kitu cha kung'ata. Kinachosaidia ni soli pana isiyozama, na kitambaa cha juu chenye vitundu vidogo kisichopitisha chembe. Raba yenye wavu mpana, nzuri sana barabarani kwa sababu ya hewa, hugeuka chujio la mchanga ukifika uchochoroni, na soksi yenye mchanga humaliza ngozi ya vidole ndani ya nusu saa.

Mahali ambapo raba ya porini inalipa kweli ni Pugu na Kisarawe. Msitu wa Pugu-Kazimzumbwi uko jirani kabisa na jiji, na njia zake zina miinuko, mizizi, majani yaliyooza na udongo wa kaolini, ule udongo mweupe uliowahi kuchimbwa Pugu. Kaolini iliyolowa inateleza vibaya. Hapo yanatakiwa meno ya milimita nne hadi tano, yaliyoachana ili tope lidondoke lenyewe, pamoja na mpira mgumu unaokinga vidole kwa mbele. Zipo pia raba zilizotiwa utando wa kuzuia maji, na wauzaji huzisifia sana wakati wa masika. Kwa joto la Dar es Salaam hazifai. Maji ya dimbwi huingilia juu, kwenye kifundo, na yakishaingia hayana pa kutokea; jasho nalo linabaki humo humo. Bora raba ya wavu inayolowa upesi na kukauka upesi.

Wengi hawana uwezo wa kununua pea mbili, na ukweli ni kwamba safari zao nyingi ni nusu mchanga, nusu lami. Hao wachague raba ya barabarani ambayo soli yake imefunikwa mpira wote chini, isiwe ile yenye vipande vya mpira na sponji iliyo wazi katikati, na yenye meno mafupi ya milimita mbili au tatu. Sponji iliyo wazi hukatwa na kokoto.

Sasa sokoni. Dukani raba halisi ya kukimbilia huweza kufika laki kadhaa, kwa hiyo wakimbiaji wengi wa jiji huvaa mtumba kutoka Karume kule Ilala, Tandika, Mwenge au kwa kijana anayepita na pea kumi begani. Mtumba si wa kudharau. Nchi za Afrika Mashariki zilikubaliana mwaka 2016 kuondoa nguo na viatu vya mitumba hatua kwa hatua, lakini meza za Karume bado zimejaa, na katikati ya marobota huwamo raba zilizovaliwa mara chache Ulaya au Marekani kisha zikatolewa. Ujuzi unaotakiwa ni wa kuitambua hiyo moja.

Usitazame weupe wake. Raba zote zimesuguliwa kwa brashi na sabuni, na kingo za soli mara nyingi zimepakwa rangi upya. Iweke juu ya ubao uliolala sawa, chuchumaa, uitazame kwa nyuma. Ikiegemea upande mmoja, mwenye kuivaa mwanzo ameshaiponda sponji kwa namna ya mwendo wake, na wewe utalazimishwa kukanyaga kama yeye. Bonyeza sponji pembeni kwa kidole gumba: inatakiwa kuingia kidogo na kurudi. Ikiwa ngumu kama ubao, au ina mikunjo mingi midogo inayolala sambamba, imekwisha, hata kama mpira wa chini unaonekana mzima. Sponji huzeeka kwa miaka na kwa joto, si kwa kilomita peke yake. Kisha ikunje: ikunjike pale vidole vinapoanzia, isikunjike katikati ya unyayo. Vuta ile soli ya ndani uitoe uone kama kuna gundi mbichi au uzi wa fundi. Fundi hodari wa chini ya mwarobaini anaweza kuirudisha soli iliyobanduka na ikakaa mwaka mzima, lakini sponji iliyokufa haiwezi kufufuliwa na gundi wala sindano.

Chini ya ulimi wa raba kuna lebo ndogo. Namba ya Marekani na ya Uingereza hutofautiana, kwa wanaume kwa kawaida namba moja, na muuzaji anaweza kukutajia yoyote. Tafuta iliyoandikwa kwa sentimita. Simama juu ya karatasi nyumbani, chora mguu wako, pima kutoka kisigino hadi kidole kirefu kuliko vyote, uende sokoni na kipimo hicho. Baadhi ya kampuni huchapa pia tarehe ya kutengenezwa. Iliyokaa miaka kumi iache, hata ikiwa haijavaliwa.

Raba mpya ya bandia ni jambo jingine kabisa. Kariakoo zimo nyingi zenye nembo maarufu kwa bei ya kutilia shaka, na Tume ya Ushindani imekuwa ikikamata bidhaa bandia za kila aina. Nembo inaweza kuigwa na ikakudanganya. Kinachoigwa kwa shida ni sponji: nyingi za bandia ni nzito, ngumu, na hazirudi ukizibonyeza. Kati ya raba hiyo mpya na mtumba uliokaguliwa vizuri, mtumba ndio wa kuchukua.

Ukishapata soli inayofaa, ijaribu jioni, kwa sababu miguu huvimba kadiri siku inavyokwenda, na mbio za joto huivimbisha zaidi. Vaa soksi utakazokimbilia. Ukisimama, pawepo nafasi ya upana wa kidole gumba mbele ya kidole kirefu, na kisigino kisipwaye. Kwa miaka mingi wauzaji walitazama umbo la unyayo, bapa au wenye upinde, ndipo wakachagua aina ya raba. Jeshi la Marekani lilijaribu utaratibu huo kwa maelfu ya askari wapya mwishoni mwa miaka ya 2000, na likakuta haukupunguza majeraha. Ushauri unaobaki ni rahisi: kimbia hatua kadhaa hapo hapo sokoni, na ikikubana au ikikusumbua popote, iache, hata kama muuzaji anasema itazoea mguu.

Vijana huulizia sana raba nene zenye bamba la kaboni. Raba za aina hiyo zimebadilisha marathoni kiasi kwamba Shirikisho la Riadha la Dunia liliweka kikomo mwaka 2020: soli isizidi milimita 40, bamba lisizidi moja. Tanzania imefurahia matunda ya marathoni ya zama hizi, Alphonce Simbu alipotwaa dhahabu ya Dunia mjini Tokyo Septemba 15, 2025, akimtangulia Mjerumani Amanal Petros kwa sehemu tatu za mia za sekunde. Lakini Mtanzania mwenzake, Juma Ikangaa, alishinda marathoni ya New York mwaka 1989 kwa saa 2:08:01 bila kaboni yoyote. Raba hizo hutengenezwa kwa mwendo wa kasi juu ya lami, huyumba kwenye mchanga, na hazidumu. Mtu wa jogging ya saa moja hazihitaji.

Raba ya kawaida huhimili kilomita 500 hadi 800. Ikilowa, toa soli ya ndani, jaza magazeti, iache kivulini penye upepo; jua la moja kwa moja hukausha gundi na kuikaza sponji. Anayeweza kupata pea mbili azibadilishe. Utafiti wa Luxembourg uliofuatilia wakimbiaji 264 kwa majuma 22 ulikuta waliokuwa wakibadilisha raba walikuwa na hatari ya kuumia iliyo pungufu kwa asilimia 39.

Anayelenga mbio za Agosti anunue Mei au mwanzoni mwa Juni, azivae kwa kilomita tatu tatu kwanza, kisha aongeze. Na viongozi wa klabu, ambao kila mwaka huwachangisha wanachama kwa ajili ya fulana mpya, watenge sehemu ya mchango huo kwa ajili ya raba za wale wanaokimbia na turubai na njumu. Mara nyingi hao ndio wanaokosekana barabarani miezi michache baadaye.